Sini ya Kwanza Tuliipiga Mwisho

Wifi yangu hakujua kudanganya. Sisemi hivyo kwa kumsifia, maana ilikuwa kero. Ukimnunulia mtu zawadi ya kumshtukiza, ilibidi wifi asijue, kwa sababu mwenyewe akiingia tu mlangoni angemkuta wifi kakodoa macho na kaziba mdomo kwa mikono miwili. Tulijaribu kucheza karata naye tukaacha, hakukuwa na raha. Akikasirika, hata kabla hajajua mwenyewe kama amekasirika, mishipa ya shingo ilishamsimama. Mama yetu, ambaye si mtu wa kumpenda mkwe haraka, alimpenda huyu kwa jambo hilo peke yake. "Huyu ukimtazama umemaliza," alikuwa anasema. "Hana chumba cha uani."

Ni mwalimu wa chekechea. Darasa lake lina viti vifupi ambavyo mtu mzima akikaa magoti yanamfika kifuani, na wifi huvikalia hivyo hivyo kutwa nzima bila kulalamika. Wazazi humgombania. Watoto wadogo hawampendi mtu mzima anayecheka huku moyoni amenuna, wanamnusa mapema, na wifi hakuwa na ufundi huo. Akifurahi alifurahi mpaka miguuni.

Mume wake ni kaka yangu, wa kuzaliwa tumbo moja. Ni fundi wa kuchomelea, anatengeneza mageti na nondo za madirisha, na mtaa mzima unamwita Cheche. Mimi nauza vitasa, bawaba na skrubu, kwa hiyo kila siku ya Mungu yuko dukani kwangu anapekuapekua visanduku. Namjua. Wenzake walipofika umri wa kuota vitambi, yeye alianza kuandika filamu.

Alitusimulia mimi na wifi sebuleni kwao, akapanda juu ya kochi ili tuelewe vizuri. Kuna mwanamke ana mume fundi wa kuchomelea. Mume ana mwanamke wa pili, mahali fulani ghorofani. Mke anagundua, anafukuzwa, ananyoa nywele zote, anajifunza ufundi wa mumewe, halafu anarudi kulipiza kisasi. Mwishoni mume yumo ndani kwa yule wa pili, na mke yuko nje na mashine, anaunganisha geti na fremu yake mpaka panakuwa hapana mlango tena, pana chuma kitupu. Hapo kaka akatutazama kwa zamu.

"Umeyatoa wapi haya?" nikamuuliza.

"Kichwani."

Nakijua kile kichwa tangu kilipokuwa na chawa, na sijawahi kuona kitu kinatoka humo bila kuwa kimeingia kwanza. Lakini wifi alikuwa anapiga makofi, macho yanamng'aa, nikaona nisiwe mchawi.

Mhusika mkuu akawa wifi, kwa kuwa hakuna mwanamke mwingine ambaye angetoa Jumamosi zake zote kwa ajili ya Cheche. Mume alikuwa aigizwe na kinyozi wa jirani, mtu mwenye sura ya kuvutia na anayelijua hilo, lakini mke wa kinyozi akasema hakuna cha kushikwashikwa, filamu au si filamu. Kaka akaichukua nafasi hiyo mwenyewe. Mwanamke wa pili nikawa mimi, nionekane mgongo tu, maana kaka hawezi kumkumbatia dada yake mbele ya watu. Kamera ikashikwa na mpigapicha wa harusi, mpole sana, ambaye kila akiona ua au pazia zuri alisahau watu akalivutia lile ua. Nilipomaliza kuwa mgongo, nilipewa kipaza sauti kilichofungwa kwenye mpini wa dekio, na vile vya kusikilizia vya kuvaa masikioni. Kwa hiyo yote yaliyosemwa mimi niliyasikia kwanza.

Kazi ikawa kumfundisha wifi kuigiza. Kaka alimsimamisha mbele ya kioo cha kabati la chumbani kila jioni. "Waza jambo moja, onyesha lingine," alimwambia. "Nichukie moyoni, lakini usoni nikaribishe chai." Wifi anajaribu, anaangua kicheko. "Sasa nipende, lakini uonyeshe huna habari na mimi." Anajaribu, anaangua kicheko tena, anamwangukia kifuani. Kaka alikata tamaa mara nyingi tu. "Mke wangu, wewe ni glasi ya maji!" alimpigia kelele siku moja, na wifi akalichukulia kama sifa.

Halafu likaja kosa la nywele, ambalo ni la Cheche mtupu. Kinyozi alikuwa na siku moja tu ya kufunga saluni yake, basi kaka, kwa pupa, akaamua tuanze na sini ya kunyoa, yaani lile onyesho la mke kunyolewa. Mwanamke amekaa mbele ya kioo, machozi hayatoki, mashine inapita, nywele zinaanguka mapajani. Ilikwenda vizuri ajabu. Tulishangilia, kinyozi akainama kupokea makofi kama vile yeye ndiye aliyenyolewa. Mpigapicha alikuwa anakunja nyaya zake akauliza kwa upole wake ule: "Na ile sini ya kwanza kabisa, mke ana misuko mirefu anampokea mumewe, tunaipiga lini?"

Kaka alizitazama zile nywele sakafuni, kisha akaanza kuziokota.

Tulijaribu wigi. Wigi lilikataa kukaa, wifi akigeuka lenyewe linabaki linatazama mbele. Ikaamuliwa tupige filamu nzima kwanza, halafu tungoje nywele ziote mpaka zishike misuko, na ile sini ya mapenzi, ya mwanzo, tuipige mwisho. Watu wengine wanaanza na mapenzi wanamalizia na kisasi. Sisi tulifanya kinyume, na kwa sababu ya pupa tu.

Mimi nilianza kuingiwa na shaka kwenye kutu.

Kaka alikuwa anatupa karatasi za siku hiyo asubuhi ya kazi, hakupenda tujue mbele. Asubuhi moja nikasoma kwamba mume, akitoka kwa yule wa pili, anapitia karakana kwanza ili ajipake kutu mikononi na shingoni, mke asishuku. Nikaisoma mara ya pili. Ulikuwa uongo mzuri kupita kiasi. Kaka yangu hajawahi kuwa na uongo mzuri, tangu utotoni alikuwa anasema sukari imeliwa na upepo.

"Hili la kutu umelipata wapi?"

"Ubunifu," akasema, bila kunitazama.

Nikamtazama wifi. Alikuwa anajifunza maneno yake, midomo inacheza, hana habari. Nikajiambia, dada mtu, tuliza roho.

Kisha tukafika kwenye sini ya simu. Mume yuko ghorofani kwa yule wa pili, anampigia mkewe kumwambia kazi imemzidia na atachelewa. Ili mke aamini, anachezesha sauti ya karakana iliyorekodiwa, pembeni ya simu. Tulihitaji ile sauti. Nikasema twende karakana tukairekodi, si mbali.

"Haina haja," kaka akasema. "Ninayo." Akatoa simu mfukoni, akabonyeza. Hakutafuta hata kidogo.

Ikalia grenda, ile mashine ya kukatia chuma. Kisha chuma kikaanguka sakafuni, mtu akakohoa, na sauti ya kiume ikapiga yowe: "Aaah, kidole changu mama!"

Mpigapicha alicheka mpaka akaishika kamera isianguke. Hata mimi nilicheka, kwa kuwa masikioni mwangu lile yowe liliingia lote. Kicheko kikanikatikia katikati.

Hapo ni lazima nieleze. Kulikuwa na kipindi kirefu kaka alikuwa anapiga simu nyumbani jioni kusema anachelewa, na wifi alikuwa akisikia kelele za kazi nyuma yake, na kila mara, ndani ya zile kelele, kuna mtu anajiumiza kidole. Alimhurumia mno yule mtu. Alikuja dukani kwangu akaniambia, "Wifi, yule mwenzake Cheche ana mkosi na vidole." Akawa anaweka bandeji na dawa ya kupaka kwenye mfuko wa kaka. "Mwambie avae glavu jamani." Na kaka alikuwa akirudi jioni anamwambia, "Anashukuru sana."

"Rudia," wifi akasema.

Kaka akarudia. Grenda, chuma, kikohozi, kidole.

"Rudia tena."

"Inatosha, tumeshaisikia."

"Umeirekodi lini?"

"Juzi. Kwa ajili ya filamu."

Sauti ile ilikuwa ya fundi mmoja mtu mzima tuliyekuwa tukimwita Mzee Nyundo. Mzee Nyundo alishaacha kazi pale na kuhamia kwa binti yake kabla kaka hajaandika hata neno moja la filamu. Mimi na wifi ndio tuliokwenda kumuaga, wifi akamtazama vidole, na akashangaa kuona vyote vizima. Siku ile tulichekeshwa tu na jambo hilo.

Nikageuka kumtazama wifi. Mishipa ya shingo ilikuwa imesimama, kama kawaida yake, nikasema moyoni sasa moto unawaka. Halafu nikaiona inalala. Uso ukatulia, macho yakapoa, akamtazama mumewe akatabasamu. Lilikuwa ndilo lile zoezi la kioo cha kabati, lililomshinda kila jioni. Nilisisimka mwili mzima, na sikupenda.

"Haya, tupige," akasema. "Nipo tayari."

Akaipiga sini ya simu mara moja tu. Mke anasikiliza zile kelele, anasema "sawa mume wangu, pole na kazi," anakata simu, anabaki ameitazama. Ndani ya skripti ilikuwa imeandikwa kwamba hapo ndipo mke anapoanza kushuku. Mpigapicha hakukumbuka ua wala pazia. Kaka aliruka kwa furaha, akamkumbatia mkewe, akamnyanyua juu. "Umeona?" alinipigia kelele. "Umeona? Ameweza!"

Tulimaliza yaliyobaki. Alijifunza kushika mashine ya kuchomelea, alivaa miwani ile myeusi, alimfungia mumewe ndani ya geti la uongo huku cheche zinaruka. Kisha tukaanza kungoja nywele.

Kile kipindi cha kungoja kilinichosha kuliko kazi yenyewe. Nilikuwa nakwenda kwao kila nikipata nafasi, natafuta dalili. Nilitegemea vyombo vivunjwe. Nilitegemea mabegi mlangoni. Nikawa namkuta wifi anapiga pasi sare ya shule ya mtoto wao, anaimba. Kaka anaingia, anapokewa. Chakula kipo. Nilimtazama wifi alivyokuwa anamkaribisha, nikamtazama kaka alivyokuwa anakaribishwa, sikumwamini hata mmoja.

Jumapili moja mtoto wao alikuwa kwa mama yetu, mimi niko sebuleni namchana wifi zile nywele zake fupi, kuona kama zimefikia kushika. Kaka amejinyoosha kwenye kochi.

"Dairekta," wifi akasema, "nina maswali kuhusu hawa wahusika. Ile sini ya kwanza naiogopa. Nataka nimwelewe huyu mume."

Kaka akakaa vizuri. Hakuna kitu anachokipenda duniani kama kuitwa dairekta. "Uliza."

"Huyu mwanamke wa pili walikutana vipi?"

"Alikuwa anataka madirisha. Jamaa akaenda kupima."

"Ikawa siku hiyo hiyo?"

"Aa, hapana. Alirudi mara nyingi kupima." Akacheka kidogo. "Madirisha yalikuwa mengi."

"Na jamaa alikuwa anampenda?"

"Kupenda hapana. Ni... unajua mtu akizoea. Anakwenda tu."

"Alikuwa anakula huko?"

"Mara mojamoja. Anapika vibaya."

Alilisema hilo la kupika kama mtu ambaye amekula. Chanuo likanisimama mkononi. Wifi hakugeuka, akaendelea tu kwa sauti ile ile anayowaulizia watoto wa chekechea rangi za matunda.

"Na mkewe je, alikuwa anamfikiria akiwa kule?"

"Sana," kaka akasema, na nadhani hapo alisema kweli. "Ndiyo maana alikuwa anapiga simu."

"Sasa kilichomfanya aache ni nini?"

"Yule mwanamke alihama. Alipata uhamisho wa kikazi, lori likaja, akaondoka."

"Kumbe," wifi akasema.

Mimi mdomo hauna breki. "Kwenye filamu hahami," nikasema. "Kwenye filamu yupo mpaka mwisho, mnafungiwa naye ndani. Mimi ndiye mgongo wake, najua."

"Ndiyo," kaka akasema. "Kwenye filamu hahami."

Akasikia alichokisema. Nilimwona anakisikia. Akanitazama mimi, akautazama mgongo wa mkewe. Wifi akajipapasa kichwa. "Wiki chache zaidi," akasema, "zitashika." Akainuka kwenda kuchemsha maji ya chai.

Kesho yake kaka alikuja dukani kabla sijamaliza kufungua milango. Hakupekua kisanduku chochote.

"Anajua," akasema.

"Anajua nini?" Nilitaka aseme mwenyewe.

"Usinifanyie hivyo, dada. Ulikuwa upuuzi. Umeshakwisha."

"Umekwisha kwa sababu lori lilikuja. Lisingekuja je?"

Akajifanya anasoma maandishi kwenye kopo la rangi. Nilimkasirikia kiasi kwamba nilimnyang'anya lile kopo. Nikamwambia aende nyumbani sasa hivi amweleze mkewe, amwombe radhi akiwa amepiga magoti, na akimaliza asimame apige tena.

"Nitamwambia," akasema. "Wallahi nitamwambia yote. Baada ya sini ya kwanza."

"Nini?"

"Hebu fikiri! Nikimwambia sasa, atanipendaje mbele ya kamera? Filamu yote imebakia hapo. Bila mapenzi ya mwanzo, kile kisasi kitamuuma nani?"

Kwa filamu alikuwa na akili kabisa, na hilo ndilo lililonitia hasira zaidi. Nikamfukuza dukani.

Sikuweza kukaa na lile jambo. Jioni nilikwenda kwao, nikamkuta wifi uani anaanika nguo, nikamshika mkono. "Wifi, kuna jambo—"

"Usiniambie."

"Lakini ni kuhusu—"

"Wifi yangu, ukiniambia itabidi nijue." Alichukua kibanio mdomoni akabana shati la kaka, bega moja, halafu bega la pili. "Niache kwanza. Naandaa sini."

Alilisema bila uchungu wala mzaha. Nilirudi nyumbani najiuliza anapanga nini. Nilidhani hatatokea siku ya kazi. Kaka naye alidhani hivyo. Alianza kuhesabu nguo za mkewe kabatini akitoka kuoga, alinieleza mwenyewe, na simu ya wifi ikilia alikuwa anaacha kutafuna ili asikie. Alikonda. Aliyekuwa anajipaka kutu ili asishukiwe, sasa yeye ndiye aliyekuwa ananusa nguo za mwenzake.

Siku ikafika. Wifi alisukwa, misuko mirefu mizuri inayoanguka mabegani, akavaa gauni la njano. Mchana mweupe, mlangoni kwao wenyewe. Mpigapicha akasema jua liko vizuri. Mimi nikainua dekio langu. Kaka alikosea kufunga vifungo vya shati la kazi, wifi akamfungia.

Sini yenyewe ni fupi. Mume anaingia getini na mfuko wake wa vifaa. Mke anatoka mbio, anaupokea ule mfuko, anasema: "Karibu nyumbani, mume wangu." Basi.

Kaka akaingia. Wifi akatoka. Hakukimbia kama ilivyoandikwa, alitembea haraka, halafu akaongeza, halafu akakimbia hatua za mwisho kama mtu aliyejizuia akashindwa. Akacheka. Akaupokea mfuko, akauweka chini, akamshika mumewe uso kwa mikono miwili, akamfuta jasho la paji la uso kwa kidole gumba. "Karibu nyumbani, mume wangu," akasema. Kisha akasema jambo ambalo halikuandikwa popote. "Ungechelewa zaidi, bado ningekungoja."

Kaka akalia. Si kilio cha filamu, ni cha kamasi. Aliyetakiwa kusema "kata" alikuwa yeye, na hakusema. Mpigapicha naye alikuwa anajifuta macho kwa bega, kamera inaendelea. Wifi alikuwa anampigapiga mumewe mgongoni polepole, na mimi, kwenye masikio yangu, nilikuwa nasikia pumzi za wifi. Zilikuwa pumzi tulivu za mtu anayechambua mchele.

Kaka hakumwambia kitu usiku ule wala siku zilizofuata. Alinieleza kwamba haina maana tena, amesamehewa, ameuona msamaha kwa macho yake na umerekodiwa. Alikuwa anatembea na furaha hadi karakana ikamshangaa. Nilimwambia yeye ni mjinga. Akanicheka.

Furaha ile haikumaliza mwezi. Alichogundua ni kwamba wifi hakuacha. Jioni akiingia getini anapokewa vilevile, anachekewa vilevile. Mfuko unapokewa. Alianza kukisikiliza kile kicheko. Akaja kuniambia kwamba ni kile kile, cha kwenye sini, hakijazidi wala kupungua. Nikamwambia mke kumchekea mumewe si kesi. Akasema sielewi. Akawa anawahi kurudi ili amkute hajajiandaa, anamkuta amejiandaa. Akamuuliza, "Umefurahi kweli, mke wangu?" Naye akamjibu, "Kwa nini nisifurahi?"

Mwishowe akakiri. Alipiga magoti bila kulazimishwa, akayasema yote, lori, madirisha, kutu, Mzee Nyundo. Wifi alimsikiliza mpaka mwisho. Akamshika uso kwa mikono miwili. "Nilishakusamehe zamani," akamwambia. Ilikuwa sauti ile ile, kaka aliniambia. Hata mikono ilikuwa pale pale.

Sasa hivi anakaa karakana saa za chakula na simu mkononi, anaitazama ile sini. Anaisimamisha, anaukuza uso wa mkewe kwa vidole viwili mpaka unakuwa madoa. Filamu ilioneshwa ukumbini, watu walipiga kelele kwenye sini ya geti, lakini waliyoizungumzia wakitoka ni ile ya kwanza. Mama mmoja nyuma yangu alisema huwezi kuigiza vile kama humpendi mtu. Kaka alisikia, akageuka akamtazama kwa matumaini ya kutia huruma.

"Wewe ulikuwa na vile vitu masikioni," aliniambia. "Ulisikia nini?"

"Nilisikia mtu anapumua," nikamwambia. Ndivyo ilivyokuwa.

Basi nikaamua kwenda mwenyewe. Kaka yangu na ajikaange, lakini mimi nilikuwa namtaka wifi yangu. Nilimkuta darasani watoto wameshachukuliwa, anapanga kalamu za rangi. Nikakaa kwenye kile kiti kifupi, magoti kifuani, naye akakaa kwenye kingine.

"Wifi," nikasema, "mimi si Cheche. Sitamfikishia neno. Siku ile ya sini ya kwanza, ulikuwa unaigiza?"

Akainua macho akanitazama. Nilimtazama na mimi, nikangoja, maana kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuhitaji jibu lake la mdomo. Akatabasamu. Lilikuwa tabasamu zuri, la upendo kabisa, na nyuma yake sikuona mtu. Ningeapa nipo mbele ya picha. Machozi yakanitoka, nikamlaani kaka yangu moyoni, kwa sababu huyu hakuwa wake peke yake, alikuwa wetu sote.

"Jamani wifi yangu," akasema, akanishika mkono. "Usilie. Hebu niambie, dukani kwema?"

Nikamwambia dukani kwema. Akasema amefurahi kusikia hivyo.